Gothiki finyu

Mwaka 1903 Morris Fuller Benton, mchoraji wa herufi wa kampuni ya Marekani ya American Type Founders, alichora Alternate Gothic: herufi ndefu, nene, zisizo na vikia kwenye ncha, zinazosimama bega kwa bega. Ubavu wa O umenyooka, na tundu lake limebaki uchochoro tu. Herufi ndogo nazo zimerefushwa hadi zinakaribia kimo cha herufi kubwa. Benton aliitoa kwa mapana matatu, namba 1 hadi 3. Kichwa cha habari kikizidi safu, mpangachapa alichukua seti yenye upana mdogo zaidi badala ya kwenda kumsumbua mhariri apunguze maneno. Herufi za risasi hazibanwi.

Fonti za ukoo huu naziita gothiki finyu, ingawa neno gothiki lina utata wake. Ulaya, neno hilo humpeleka msomaji kwenye herufi nyeusi zenye pembe za Biblia ya Gutenberg. Wachapaji wa Marekani wa karne ya 19 ndio waliolihamishia kwenye herufi zisizo na vikia, na Wajapani wakalipokea kwa maana hiyohiyo. Limepotoka, lakini tunakutana nalo katika orodha za fonti kwenye kompyuta, Franklin Gothic na wenzake, basi libaki.

Mzozo hasa uko kwenye finyu. Wapo wanaosema "nyembamba", ila msomaji atadhani ni wembamba wa mistari, na mistari ya herufi hizi ni minene. Wapo wanaosema "iliyobanwa", na jina hilo lina madhara zaidi kuliko lile la kwanza, kwa kuwa linahalalisha kosa linaloonekana kwenye mabango mengi. Chukua herufi ya kawaida, uivute kwa kipanya ipungue upana: nguzo za wima hukonda, mistari ya mlalo hubaki na unene wake uleule, na H inapoteza uwiano. Gothiki finyu haikubanwa na mtu. Ilichorwa hivyo tangu mwanzo, kila nguzo ikapimwa kwa upana wake mpya. Neno finyu linataja nafasi na kuishia hapo.

Kuhusu matumizi, kutafsiri display type kuwa "herufi za maonyesho" kunanipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba. "Herufi za vichwa" inatosha: vichwa vya habari, mabango, majalada.

Na Kiswahili kinazihitaji. HAWAKUSIKILIZANA ni neno moja lenye herufi 16. Ukilipanga kwa fonti pana katika safu ya gazeti, utalipunguza kimo mpaka lisimshtue mtu, au utalikata katikati. Kwa gothiki finyu linaingia likiwa na kimo chake. League Gothic, iliyofufua kazi ya Benton mwaka 2009, inapatikana bure. Ila usiishushe kwenye aya: karatasi ya gazeti hunywa wino, na kwa pointi 9 matundu ya a na e huziba.