Kero za Wakazi na Mamlaka ya Mji: Halmashauri ya Tanga katika Historia ya Serikali za Mitaa Tanzania, 1891–2022

1.0 Utangulizi

Historia ya serikali za mitaa nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya sheria na sera: halmashauri ziliundwa, zikafutwa, zikarejeshwa, kisha zikafanyiwa maboresho. Mtazamo huo ni wa lazima, lakini hautoshi. Mkazi wa mji hakutani na halmashauri katika kifungu cha sheria. Hukutana nayo pale mtaro unapoziba, taka zinapokaa wiki nzima bila kuzolewa, bomba linapokauka, au mgambo anapomwondoa mama lishe kando ya barabara. Mambo hayo, ambayo lugha ya utawala huyaita kero, huonekana madogo yanapotazamwa moja moja. Yakikusanywa pamoja ndiyo kipimo ambacho mkazi hukitumia kuamua iwapo mji wake una serikali au hauna.

Makala haya yanachunguza jinsi kero za kila siku za wakazi zilivyoshughulikiwa katika mji wa Tanga tangu utawala wa Wajerumani hadi miaka ya karibuni. Tanga imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa ya Tanzania Bara kuwa na chombo cha utawala wa mji, hivyo mabadiliko yote makubwa ya mfumo yaliupitia. Pili, ni jiji dogo. Katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na wakazi 393,429, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya milioni tano. Katika jiji la ukubwa huo diwani hujulikana kwa sura, na ofisi ya halmashauri inafikika kwa baiskeli. Ingetarajiwa, basi, kwamba lalamiko lingefika upesi na kujibiwa upesi.

Hoja ya msingi ni kwamba tangu miaka ya 1960, mahali pa kusikilizia kero pamesogezwa karibu zaidi na nyumba ya mkazi, ilhali mahali pa kuamulia na kulipia utatuzi wake pamesogezwa mbali zaidi. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaoeleza kwa nini halmashauri huweza kuifahamu kero kwa ukamilifu na bado ikashindwa kuiondoa.

2.0 Mji wa kikoloni: kero kama suala la afya na amri

Baada ya vita vya pwani vya 1888 na 1889, Wajerumani waliifanya Tanga kuwa kituo chao muhimu cha kaskazini. Mwaka 1891 mji ulipewa hadhi ya kiutawala, na mwaka 1893 ujenzi wa reli kuelekea bara ulianza. Sheria ya mwaka 1901 iliweka mabaraza ya jumuiya za mitaa katika koloni, lakini mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa mwenyekiti na wajumbe wake walikuwa wa kuteuliwa. Kwa upande wa wakazi Waafrika, utawala uliendelea kuwatumia liwali, akida na jumbe. Kwa hiyo palikuwa na njia mbili za kupeleka shauri. Mfanyabiashara Mzungu alizungumza ndani ya baraza, na mkazi wa kawaida alizungumza barazani kwa liwali.

Neno baraza lenyewe linastahili kuzingatiwa. Katika miji ya Waswahili, baraza ni kibao cha mawe au udongo mbele ya nyumba, ambapo wageni hupokewa na mambo ya mtaa huzungumzwa. Liwali aliposikiliza mashauri alifuata desturi hiyo: mlalamikaji alikuwapo, jirani alikuwapo, na jibu lilitolewa mbele ya watu. Liwali hakuwa na fedha ya kuchimba mtaro, lakini alikuwa na wajibu wa kujibu. Sifa hiyo ya kutoa jibu la wazi ndiyo iliyopungua kadiri mfumo wa ofisi ulivyokua.

Waingereza walipotwaa utawala baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliisimamia miji kwa sheria ya mwaka 1920 iliyoweka mamlaka za miji chini ya maofisa wa serikali. Afya ya jamii ilitawala kanuni za mji: maji yaliyotuama, mbu, vyoo, ujenzi usio na kibali. Mpangilio wa makazi uliambatana na mtazamo huo. Raskazone, kando ya bahari, palikuwa pa Wazungu; eneo la biashara lilikuwa na Waasia wengi; Ngamiani, yenye barabara zinazotambuliwa kwa namba, ilikuwa makazi ya Waafrika. Katika mpangilio huo mkazi wa Ngamiani alionekana zaidi kuwa chanzo cha kero kuliko mlalamikaji. Bwana afya alipopita alikagua na kutoza faini, hakuja kuuliza.

Hata hivyo, ukimya katika mafaili haukuwa ukimya mitaani. Mwaka 1939 wafanyakazi wa bandari ya Tanga waligoma. Mgomo huo ulihusu ujira, lakini unaonyesha jambo pana zaidi: pale ambapo hapakuwa na chombo cha kupokea malalamiko ya watu wa kawaida, malalamiko yalitafuta njia nyingine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza kuunda mabaraza ya miji yenye wajumbe wa jamii zote chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953. Hatua hiyo ilikuja karibu na mwisho wa ukoloni, wakati madai ya wakazi yalikwisha kuhamia kwenye chama cha TANU.

3.0 Uhuru na mji usio na halmashauri, 1961–1978

Miaka ya kwanza ya uhuru ililiweka baraza la mji mikononi mwa madiwani waliochaguliwa. Katikati ya miaka ya 1960 chama kiliweka mfumo wa nyumba kumi, ambapo kila kundi la nyumba lilikuwa na balozi wake. Kwa mara ya kwanza kila mkazi wa mji alikuwa na mtu wa kumpelekea jambo bila kuvuka barabara. Balozi alisuluhisha ugomvi wa majirani, aliandika barua za utambulisho na kufikisha taarifa juu.

Wakati huohuo nguvu ya fedha ya halmashauri ilikuwa ikipungua. Kodi ya kichwa iliyokuwa tegemeo lake ilifutwa mwaka 1969. Kwa Tanga, hali hii iliambatana na kushuka kwa bei ya mkonge, zao lililoujenga mji. Mwaka 1972 serikali ilitangaza sera ya Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilifutwa, na katika mwaka uliofuata zile za miji nazo zikavunjwa. Kazi zake zilichukuliwa na ofisi za mikoa na wilaya zilizowajibika kwa serikali kuu.

Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwasogezea wananchi madaraka. Kilichosogea ni watumishi wa wizara. Vipaumbele vya sera hiyo vilikuwa vya vijijini, na mji haukuwa na msemaji wake. Uzoaji wa taka, matengenezo ya mitaro na usimamizi wa vyoo vya umma ni kazi ambazo hazivutii mpango wa maendeleo wa taifa: hazizinduliwi, hazikamiliki, zinahitaji kurudiwa kila siku. Zilipokosa mwenye wajibu mahususi, zilidorora katika miji yote nchini. Balozi aliendelea kupokea malalamiko, lakini juu yake hapakuwa tena na baraza la mji la kuyajadili.

Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1977 na 1978 uliyatoa mambo haya katika daraja la kero na kuyaweka katika daraja la uhai na kifo. Ugonjwa unaosambazwa na maji na chakula kilichochafuliwa uliipima miji mahali ilipokuwa dhaifu zaidi. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya mpito iliyorejesha halmashauri za miji, miaka kadhaa kabla ya zile za wilaya. Tofauti hiyo ya muda ni ushahidi muhimu. Halmashauri za miji hazikurudi kwa sababu nadharia ya demokrasia ilikuwa imebadilika. Zilirudi kwa sababu taka na maji machafu havikuweza kusubiri. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufutwa kwa serikali za mitaa kulikuwa miongoni mwa makosa ya uongozi wake.

4.0 Kurejeshwa kwa halmashauri na safari ya lalamiko

Sheria Namba 8 ya mwaka 1982 ndiyo msingi wa mamlaka za miji hadi leo. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, mtaa uliwekwa kuwa ngazi ya chini ya uongozi mjini, na uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa ulianza mwaka 1994. Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005.

Kwa mujibu wa mfumo huu, kero huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, huingizwa katika kumbukumbu na afisa mtendaji, kisha hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ni mwenyekiti wake. Ikihitaji fedha au uamuzi wa kitaalamu, hupanda hadi kamati ya kudumu, kwa kawaida ile ya mipango miji na mazingira, na hatimaye Baraza la Madiwani, linalofanya mkutano wa kawaida kila robo mwaka.

Udhaifu wake uko katika mambo mawili. La kwanza ni hadhi ya mtaa. Kijiji kilichosajiliwa kina nafsi ya kisheria: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hadhi hiyo. Mwenyekiti wake huchaguliwa na wakazi, lakini hana bajeti ya mtaa ya kuamulia. La pili ni mpangilio wa uwajibikaji. Diwani huchaguliwa na wakazi, na meya huchaguliwa na madiwani. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye msimamizi wa fedha na watumishi, huteuliwa na Rais. Anayesikia lalamiko huwajibika kwa mlalamikaji, na mwenye uwezo wa kulitekeleza huwajibika kwingine.

5.0 Kusikiliza karibu, kuamua mbali

Mabadiliko yaliyofuata yalipanua umbali huo. Katika miaka ya 1990 huduma ya maji mijini ilihamishiwa kwa mamlaka zinazojitegemea. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Hatua hii haipaswi kuhukumiwa kwa upande mmoja, kwani ukusanyaji wake ulikuwa wenyewe kero kubwa: mtendaji aliyetakiwa kumsikiliza mkazi ndiye aliyemsaka kwa risiti. Kufutwa kwake kulileta nafuu, lakini kuliongeza utegemezi wa halmashauri kwa ruzuku ya serikali kuu. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo imekatwa mteja anaponunua umeme. Mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziliwekwa chini ya wakala mpya, TARURA.

Kila hatua ilikuwa na sababu zake za kitaalamu. Mamlaka ya maji inayojiendesha huweza kukopa na kupanga kwa muda mrefu. Hata Tanga, mwaka 2024, mamlaka yake ya maji iliuza hatifungani kwa ajili ya upanuzi wa huduma, jambo ambalo idara ndogo ya halmashauri isingeweza. Ila kwa mkazi, matokeo ya jumla yanaonekana katika mfano wa mtaro mmoja uliofurika. Mtaro ulio kando ya barabara ni wa wakala wa barabara. Taka zilizouziba ni za halmashauri. Maji yanayouongezea wingi, kama yametoka katika bomba lililopasuka, ni ya mamlaka ya maji. Mwenyekiti wa mtaa ataandika barua tatu, na kila ofisi itaweza kujibu kwa ukweli kwamba sehemu yake haitoshi kuondoa tatizo. Mkazi ataendelea kuvuka kwa ubao.

Athari ya kodi ya majengo ni ya kina zaidi. Mkazi aliyelipa kodi hiyo katika ofisi ya halmashauri alikuwa na hoja ya moja kwa moja: nimelipa, taka zangu ziko wapi? Inapokatwa kimya ndani ya malipo ya umeme, uhusiano kati ya kodi na huduma hauonekani tena, na hoja hiyo hupoteza pa kuelekezwa.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba tatizo la Tanga halijawa, kwa sehemu kubwa ya historia yake baada ya uhuru, upungufu wa vyombo vya kusikiliza. Balozi, mwenyekiti wa mtaa, kamati ya kata na diwani waliwekwa hatua kwa hatua, na kila chombo kilimkaribia mkazi kuliko kilichotangulia. Kilichopungua ni uwezo wa vyombo hivyo kutoa jibu linalotekelezeka. Kipindi cha 1973 hadi 1978 kinatoa funzo kuu: halmashauri ilipoondolewa kabisa, gharama haikuishia katika usumbufu, bali ilifika kwenye vifo.

Matokeo haya yana maana kwa mjadala wa ugatuaji wa madaraka. Ugatuaji umezoeleka kupimwa kwa idadi ya ngazi za uwakilishi na kwa chaguzi zilizofanyika. Historia ya Tanga inapendekeza kipimo kingine: ni hatua ngapi kati ya mtu anayepokea lalamiko na mtu mwenye fedha na amri ya kulimaliza. Liwali wa zamani hakuchaguliwa na mtu, na mfumo aliouhudumia haukuwa wa haki. Hata hivyo aliyemwendea barazani aliondoka na jibu, liwe zuri au baya. Halmashauri iliyochaguliwa ina uhalali ambao liwali hakuwa nao. Uhalali huo utadumu kwa kadiri mkazi wa Ngamiani atakavyoweza kujua, bila kuandika barua tatu, ni nani atakayezibua mtaro wake na lini.