Habari za Majimoto Katika Mashamba ya Minazi

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi, wenzetu wameeleza habari za hesabu, za ghala na za viongozi waliotutangulia. Sisi twapenda kueleza habari za mtumishi ambaye hakuandikwa katika daftari lolote la Umoja, naye ni majimoto.

Kila mwenye minazi hapa Chukwani ameona minazi miwili katika ardhi moja, mmoja umeshehenezwa nazi na wa pili unapukutisha vidaka kabla havijawa vitale. Sababu yake ilitafutwa hapa hapa Unguja. Mwaka 1951 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, alitangaza ya kuwa yuko mdudu afyonzaye vidaka, navyo hutoa gundi na kuanguka. Wachache tu juu ya mnazi mmoja watosha kuleta hasara kubwa. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtaalamu huyo. Lakini jambo kubwa aliloliona Way ni kwamba palipo na majimoto wengi, mfyonzaji huyo hapati makao.

Elimu hii si ngeni duniani. Huko Uchina, katika kitabu cha mwaka 304 kinachohesabiwa kuwa cha Ji Han, imeandikwa ya kuwa watu waliuza sokoni viota vya chungu wa jamaa hii ili vitundikwe katika michungwa.

Basi kwa nini majimoto hawajai kila shamba? Adui yao ni sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wakaao ardhini, ambao huwafukuza. Shamba lililopaliliwa likawa jeupe kabisa huwapa sisimizi hao nguvu. Shamba lenye majani kiasi, na miti mingine kama mikarafuu, milimau na miembe, huwafaa majimoto. (Sisi tuliofundishwa ya kuwa shamba safi ndilo shamba la mtu hodari, neno hili latuwia gumu kidogo.) Pale makuti yasipogusana, kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti huwa daraja lao.

Hatusemi kuwa majimoto hawana ila. Katika mikarafuu huwalinda wadudu gamba wawapao utamu. Na mkwezi, je? Yeye ndiye aumwaye. Yu juu ya mti, mikono yote miwili ina kazi, nao wamemwingia shingoni. Si ajabu akichoma viota kabla ya kuangua. Wengine hutaka dawa ipulizwe, lakini dawa haibagui. Mnazi mrefu hufungua maua yake ya kiume kabla ya ya kike, hivyo hutegemea upepo na nyuki kuletewa chavua ya mti mwingine. Dawa iuayo majimoto huua na nyuki pia.

Wenzetu wa Pete, karibu na msitu wa Jozani, wamekwisha kuonyesha ya kuwa kijiji chaweza kupata riziki kwa kutunza wadudu. Wao hufuga vipepeo. Kwetu sisi shauri ni jepesi zaidi: viota visichomwe, na mkwezi apandaye mnazi wenye majimoto alipwe zaidi kidogo. Kiasi cha nyongeza hiyo, na nani ailipe, mwenye shamba au Umoja, ni juu ya mkutano mkuu kuamua.