Uzingativu Si Ukinaifu

Uzingativu ni hali ya kuielekeza akili kwa makusudi kwenye jambo linalotendeka sasa, bila kukimbilia kulihukumu. Asili yake ni sati, neno la Kipali katika mafundisho ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliiingiza dhana hii hospitalini, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa mafunzo yaliyowalenga wagonjwa wenye maumivu sugu. Kuiita dhana hii utulivu au ukinaifu, yaani kuridhika, kunavutia, lakini maneno hayo yanataja tunda. Uzingativu unataja kazi inayolizaa.

Uhusiano wa kazi hiyo na tunda lake una ushahidi. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti uliowauliza watu wazima 2,250, kupitia simu, walichokuwa wakifanya na kuwaza. Akili zilitangatanga karibu asilimia 47 ya wakati, na waliotangatanga kwa jumla walikuwa na furaha ndogo; hata waliowaza mazuri hawakuwazidi waliozama katika shughuli zao. Atakayesema haya ni mageni aitazame Subukia, nchini Kenya. Mahujaji wanaopanda kwenye Madhabahu ya Kitaifa ya Maria hubeba shida za kesho, iwe karo, ajira au ugonjwa, lakini rozari huwadai punje iliyo mkononi, kisha inayofuata. Akili ikipotea, hurudishwa. Zoezi hilo wanalo tayari. Kilichokosekana ni istilahi tu.

Pingamizi zito ni kwamba mkulima asiyewaza kesho atalala njaa, na maskini anayefundishwa kuridhika atanyamazishwa. La kwanza linachanganya kupanga na kuhangaika: kuchagua mbegu kabla ya mvua za Machi ni kazi ya leo, ilhali kuirudia hofu ya bei usiku kucha hakuongezi gunia. La pili lina uzito zaidi. Tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka Solai, jirani na Subukia, na kuua zaidi ya watu 40. Ukinaifu mbele ya hatari kama hiyo ni uzembe. Anayezingatia huona kilichopo, ukiwemo ukuta wa udongo uliozuia maji juu ya makazi, na aliyekiona ana sababu ya kusema. Kwa hiyo walimu na wanahabari watumie uzingativu, na ukinaifu wauachie maana yake ya zamani.