Joka la Mons na Kirimu wa Banyanga: siku ya jamaa kwenye michezo ya zamani

Kuko watu wengi wanaofikiri kwamba mambo ya zamani ni ya kufungia katika sanduku, ama ya kuachia wazee wawili watatu waliobaki kijijini. Huko Ulaya wanafanya namna nyingine. Kila mwaka, wakati wa joto, miji mingi ya kule inapanga siku za kukumbuka karne za kati, ndizo zile karne kati ya mwaka 500 na mwaka 1500 hivi, wakati wa wafalme, ngome za mawe na askari wa farasi. Baba, mama na watoto wanavaa nguo za wakati ule, wanakula, wanatazama mapigano ya mchezo, na jioni wanarudi nyumbani. Mji wa Provins, kule Ufaransa, unajulikana sana kwa sherehe ya namna hiyo. UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Lakini sisi tunapenda kuongea kwanza juu ya mji wa Mons, kule Ubelgiji, maana Wabelgiji tunajuana nao tangu zamani. Mwaka 1349, wakati tauni ilipokuwa ikiua watu Ulaya nzima, watu wa Mons walitembeza mifupa ya mtakatifu Waudru, mlinzi wa mji wao, ili kuomba wapone. Mpaka leo, kila Jumapili ya Utatu Mtakatifu, maandamano hayo yanafanyika. Kisha watu wanajaa kwenye uwanja mkubwa wa mji kuona mtakatifu Georges akipigana na joka. Joka lile limetengenezwa, lina mkia mrefu sana, na wanaume wanalibeba mabegani. Watu wanashindana kunyofoa nywele za mkia, wanasema zinaleta bahati ya mwaka mzima. Georges anajaribu mkuki, anajaribu upanga, mwishoni anachukua bastola na joka linakufa. Watu wote wanapiga kelele za furaha. Hata watoto wana joka lao dogo, wanapigana nalo siku nyingine, ili mchezo usife pamoja na wakubwa.

Sasa turudi kwetu. Je, sisi wa Masisi na Walikale hatuna joka? Tuko nalo! Banyanga wanaliita Kirimu. Jina hilo ni ndugu na zimwi la Waswahili wa pwani na irimu la Wakikuyu wa Kenya. Katika habari za Mwindo, Kirimu ana vichwa 7 na anameza watu porini. Na sisi pia tulikuwa na siku ya jamaa ya kumsikia.

Wakati huo mambo yalikwenda hivi. Mwami ama mkubwa wa kijiji alimwita mtu anayejua karisi, ndiyo hadithi ndefu ya shujaa. Jioni watu walikusanyika katikati ya kijiji, karibu na nyumba ya wanaume: wanaume, wanawake, wazee na watoto, hakuna aliyefukuzwa. Mwenye kualika alitoa chakula na pombe. Msimulizi alikuwa akiimba, akicheza, akiigiza, kibuyu cha kuchezesha mkononi na njuga miguuni. Vijana wachache walipiga fimbo kavu iliyolazwa juu ya vijiti vingine, na watu wote waliitikia wimbo. Alipopumzika walimpa zawadi: shanga, bangili, pesa. Wale vijana wapiga fimbo mara nyingi walikuwa jamaa zake, na kwa kupiga na kuitikia ndivyo walivyojifunza hadithi. Shule ya karisi ilikuwa ni hiyo.

Kwa kawaida msimulizi alitoa vipande vichache tu kwa usiku mmoja. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee Candi Rureke alikubali kusimulia habari ya Mwindo toka mwanzo hata mwisho mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Banyanga. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Neno kwa neno liliandikwa kwa kinyanga. Mwaka 1969 Biebuyck, pamoja na mwana wa Banyanga, mwalimu Kahombo Mateene, walitoa kitabu chake huko Marekani. Leo habari hiyo inasomwa katika vyuo vikuu vya mbali, na mtoto wa Walikale anaweza kumaliza masomo ya sekondari bila kuisikia hata siku moja.

Mwindo ni nani? Baba yake, Shemwindo wa kijiji cha Tubondo, alikuwa na wake 7 na alikataza wasimzalie mtoto mwanaume, kwa sababu alitaka mali ya mahari ya wasichana. Mwindo alizaliwa akitembea na kuongea, ndiyo maana wanamwita Kabutwakenda. Baba alijaribu kumwua, akamfunga katika ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto alifika kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na nguvu, akamfuata baba yake mpaka kuzimu. Lakini hakumwua. Alimrudisha nyumbani, wakaketi mbele ya watu, baba akakubali makosa yake, na baba na mwana waligawana nchi.

Kisha anakuja Kirimu. Mwindo anamwua, kama Georges wa Mons. Watu waliomezwa wanatoka wazima. Kwa Wabelgiji mchezo ungeishia hapo. Kwa wazee wetu, hapo ndipo somo linaanza. Maana Kirimu alikuwa na rafiki wa damu, Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamchukua Mwindo mpaka juu mbinguni. Mwaka mzima shujaa anateswa na baridi, mvua na jua, anafundishwa kwamba nguvu si kitu cha kujisifu, na anakatazwa kuua nyama wa pori. Anaporudi Tubondo amekuwa mtu mwingine. Anawapa watu sheria: walime vyakula vya kila namna, wasigombane, wasifuate mke wa mwingine, wasimcheke mgonjwa anayepita kijijini.

Tazama tofauti hiyo, ndugu msomaji. Joka likifa, Mons wanashangilia. Wazee wa Banyanga wanauliza: na yule aliyeua, nani atamfundisha? Katika nchi yetu, ambapo tangu miaka 30 na zaidi kijana akishika bunduki anaitwa mkubwa, hakuna swali linalotugusa kuliko hilo.

Tunajua pia hatari iliyoko. Sherehe ya zamani inaweza kugeuka kuwa silaha. Mtu anacheza ngoma ya babu yake, kisha anamwambia jirani: wewe haukuwako. Hapa kwetu tumeona mawazo kama hayo yanafika wapi. Tarehe 20 Machi 1993 damu ilimwagika kwenye soko la Ntoto, teritwari ya Walikale, na moto ule ulienea mpaka Masisi. Vita vilivyofuata vimerudi mara kwa mara, hata Januari 2025 vikafika Masisi-centre, na Machi 2025 Walikale-centre. Jamaa ambazo zingeketi pamoja kusikia hadithi zimetawanyika.

Kwa hiyo siku tunayoiomba ina masharti. Banyanga walete karisi, Bahunde walete hadithi na ngoma zao, vilevile Batembo, Bakano, Bakumu, Bahutu na Batutsi. Batwa wasiitwe kucheza tu kisha wanyimwe kiti: katika habari yenyewe ya Mwindo, Batwa wawindaji ndio wa kwanza kukutana na Kirimu, na ndio walioleta habari yake. Kila kabila lisikilizwe na mengine, na mwishoni watu wale chakula kimoja.

Haiombi pesa nyingi. Kiwanja cha shule kinatosha, fimbo kavu haiuzwi, na pombe ya ndizi tunaijua. Kinachoomba haraka ni watu. Anayejua karisi leo ni mzee, na pasipo vijana wa kupiga fimbo karibu yake, yale anayoyajua yataingia naye udongoni. Walimu waandike kwa kinyanga, kihunde na lugha nyingine, wazazi walete watoto, na watoto wapewe Kirimu wao mdogo, kama wale wa Mons. Lakini tusiwaache waende kulala Kirimu anapokufa. Wabaki mpaka Mwindo ashuke toka mbinguni na kusema sheria zake.