Kuta Tumejenga, Sasa Tumtafutie Mkunga Mahali pa Kulala

Kabla ya hospitali, mtoto wa Kinyiha, Kindali au Kinyamwanga alipokelewa na bibi mkunga wa kijiji. Bibi alikuja alipoitwa na hakuondoka mpaka mama ametulia. Hakuwa na damu ya kuongeza wala dawa ya kuzuia damu kutoka, na akina mama walipotea mikononi mwake bila kosa lake. Lakini alikuwa na jambo ambalo wodi zetu za leo zinalitafuta: mama mmoja, mkunga mmoja.

Wamisionari wa Moravian walifika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye hospitali za kanisa zikaota mizizi Mbozi, na Isoko kule Ileje. Azimio la Arusha la 1967 likafuatiwa na zahanati za serikali vijijini. Kisha mwaka 1993 serikali ikasimamisha ajira mpya. Wauguzi waliostaafu hawakupata wa kuwarithi, na pengo lile lilichukua miaka mingi kuzibwa.

Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Hapo ndipo watu wa kwetu walipotoa jasho. Tulisomba mawe na mchanga, tukafyatua matofali, tukachangishana. Majengo yakapanda haraka kuliko watumishi. Ikama ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Nani kati yetu hajui zahanati inayoendeshwa na watumishi wawili?

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Zamani mgonjwa aliyezidiwa Tunduma alisafirishwa yapata kilomita 100 mpaka Mbeya, kwenye hospitali ya wazazi ya Meta. Leo kuna hospitali ya mkoa Vwawa, na hilo tunalishukuru. Ila Tunduma nayo haikusubiri: sensa ya 2012 iliukuta mji ukiwa na watu wasiofika 100,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Wodi ya uzazi ya mpakani inahudumia wenyeji, wafanyabiashara na wapita njia.

Nchi imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Vilivyobaki haviondolewi na jengo peke yake. Mama aliye kwenye uchungu hupimwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Akishajifungua, saa za kwanza ndizo za hatari, kwa kuwa damu ikianza kumwagika, dakika chache zinaamua. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye akina mama wanne hawezi kuwa kwenye vitanda vyote. Akimshika anayesukuma, anayevuja damu kitanda cha pili hana wa kumwona. Tukimlaumu muuguzi huyo tunamwonea.

Kuajiri ni kazi ya serikali, na tutaendelea kuikumbusha. Lakini muuguzi akipangiwa Kamsamba au milima ya Ileje, akakosa nyumba, akapanga chumba mbali na zahanati, masika yakikata njia nani atamwita usiku? Wengi huomba uhamisho mapema. Hapo ndipo mchango wetu unapoingia.

Mwaka huu tunachanga kwa mambo mawili. La kwanza ni nyumba za wauguzi karibu na zahanati za pembezoni, zenye maji na umeme wa jua. La pili ni ada za vijana wetu wanaosomea uuguzi na ukunga, maana mtoto wa nyumbani ana sababu ya kubaki.

Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Mbeya, Zambia na kwingineko, wazee walibeba mawe kichwani. Sisi tunaombwa fedha tu. Tuchange.