Mbia au mfuko wako mwenyewe? Historia ya M-Pesa na WhatsApp



Kuna swali ambalo vijana wanaoandika programu za simu hapa Kenya huniuliza mara kwa mara, na si la lugha gani ya kuandikia programu. Ni la pesa. Kijana ana wazo, ameshaandika nusu ya programu usiku baada ya kutoka kazini, halafu anafika njia panda. Je, atafute mbia mwenye mtaji, au aendelee na akiba yake hata kama ni ya kuokoteza?

Wahenga hawatusaidii sana hapa. Ukiwauliza watakwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla hujafika mlangoni watakuita tena wakukumbushe kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi leo tuziache methali tuangalie historia. Nimechagua mifumo miwili ambayo karibu kila msomaji wa hapa anaitumia: M-Pesa, iliyozaliwa kwa ubia, na WhatsApp, iliyoanza kwa akiba ya mtu.

M-PESA: MEZA YENYE WATU WENGI

Kwanza tuondoe uvumi. Utasikia kwenye matatu kwamba M-Pesa ilikuwa wazo la mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, akanyang'anywa. Hakuna ushahidi wa hadithi hiyo. Nadhani inaendelea kuishi kwa sababu kila mwanaprogramu anaogopa yamfike hayo. Rekodi inaonyesha mambo mengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nick Hughes alikuwa mfanyakazi wa Vodafone huko Uingereza. Alitaka kampuni itumie simu kufikisha huduma za fedha kwa watu wasio na akaunti za benki. Shida yake utaitambua hata kama hujawahi kufanya kazi katika kampuni kubwa: ndani ya Vodafone, kila mradi ulishindania mtaji na miradi mingine, na ulioahidi faida ya haraka ndio uliopata. Mradi wa kuwahudumia maskini wa Afrika Mashariki ungekaa mwisho wa foleni.

Kwa hiyo alitafuta pesa nje. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya misaada ya DFID, ilikuwa na mfuko wa kushindaniwa uliozitaka kampuni nazo zichangie. Mradi ulipata karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikatoa mchango wa kiasi kama hicho, sehemu kubwa ikiwa muda wa wafanyakazi wake. Angalia vizuri hapo. Pesa ya DFID haikuwa nyingi kwa kampuni ya ukubwa ule. Kazi yake kubwa ilikuwa kuutoa mradi kwenye foleni.

Hughes na mwenzake Susie Lonie walihitaji watu wengine pia. Safaricom, ambamo Vodafone ilikuwa na hisa, ilikuwa na mtandao na wauzaji wa kadi za simu. Benki ya Commercial Bank of Africa ingetunza pesa. Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, lilikuwa na wateja wa kujaribia. Programu yenyewe iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza. Walichagua menyu iliyowekwa ndani ya kadi ya simu, ili hata simu ya bei ya chini kabisa iweze kuitumia.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa mawakala 8, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, na wateja wasiozidi 500. Lengo lilikuwa moja: mteja wa Faulu apokee mkopo na kuulipa kwa simu.

Ikawa kinyume na mipango. Wateja walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari wakazitoa wakifika. Wengine waliwanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Faulu nayo ikawa na mzigo: hesabu za M-Pesa hazikuungana na mfumo wake, hivyo wafanyakazi walizilinganisha kwa mkono. Tena vikundi vya mikopo hutegemea kukutana kila wiki, na mtu anayelipa kwa simu haoni haja ya kwenda mkutanoni.

Hapo wabia waligundua kwamba hawataki kitu kimoja. Mkopo ulitupwa, kutuma pesa kukabaki. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe ulikuwa wa kutuma pesa nyumbani, na Faulu haikuwamo tena. Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni 1.

Na programu ilikuwa ya nani? Sagentia waliiandika, lakini walikuwa wamekodiwa. Mwaka 2009 Vodafone iliihamishia kazi ya kuuendesha mfumo kwa IBM. Safaricom, ambayo jina lake ndilo Wakenya walilihusisha na huduma, ilikuwa ikiilipa Vodafone ada ya kuitumia. Seva zenyewe zilikaa Ulaya hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipochukua jina na mfumo wa M-Pesa kutoka kwa Vodafone. Huduma ilikuwa na miaka 13.

WHATSAPP: AKIBA YA YAHOO

Sasa twende Marekani. Jan Koum alihama kutoka Ukraine na mama yake mwaka 1992, akiwa kijana wa miaka 16. Baadaye yeye na Brian Acton walifanya kazi Yahoo kwa miaka mingi, wakaacha kazi mwaka 2007. Wote wawili waliomba kazi Facebook, wakakataliwa.

Koum alikuwa na akiba kutoka Yahoo. Februari 2009 aliandikisha kampuni ya WhatsApp. Programu ya kwanza haikuwa ya kutumiana ujumbe. Ilionyesha tu hali ya mtu kando ya jina lake kwenye orodha ya simu: niko kazini, betri inaisha, na kadhalika. Katikati ya mwaka huo Apple iliwawezesha waandishi wa programu kupeleka taarifa kwenye simu hata programu ikiwa imefungwa. Watumiaji wakaanza kuzigeuza taarifa za hali kuwa mazungumzo. Koum aliliona hilo, akaandika toleo jipya.

Unaona yanavyofanana? Thika na California, watumiaji walionyesha njia ambayo mwenye programu hakuipanga. Tofauti ni kwamba Koum hakuwa na mbia wa kumwomba ruhusa kabla ya kugeuka.

Lakini mfuko wako nao una ukali wake. Gharama kubwa ya WhatsApp mwanzoni ilikuwa ule ujumbe mfupi wa kuthibitisha namba ya mtumiaji. Kila aliyejiunga aliwatoa pesa mfukoni, na nchi nyingine zilikuwa ghali kuliko Marekani mara nyingi. Ukuaji, ambao kila mtu huuombea, kwao ulikuwa bili. Basi walifanya jambo ambalo mwekezaji angewafokea: kuna nyakati walipoifanya programu kuwa ya kulipia ili watu wasiingie kwa kasi kuliko pesa zao.

Oktoba 2009 Acton alipata dola 250,000 kutoka kwa marafiki waliowahi kufanya kazi Yahoo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba walikwenda peke yao hadi mwisho. Walikwenda peke yao hadi programu ikawa na watumiaji. Mwekezaji mkubwa, Sequoia, aliingia mwaka 2011 kwa dola milioni 8, wakati WhatsApp ilikuwa tayari inapendwa na inaingiza pesa. Mtu anayejadiliana akiwa na watumiaji mkononi hapangiwi masharti kama anayekuja na karatasi ya mipango.

Uhuru huo ulionekana katika maamuzi. Hawakuweka matangazo. Walitoza dola moja hivi kwa mwaka. Waliandika matoleo ya BlackBerry na Nokia za bei nafuu, ndiyo maana programu ilienea kwenye nchi kama yetu kabla simu janja hazijajaa. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wafanyakazi 55.

Baada ya kuuza, ubia ukaonja chumvi. Ada ya mwaka iliondolewa mwaka 2016, na mwaka huohuo WhatsApp ikatangaza kuanza kushirikiana na Facebook katika taarifa za watumiaji. Acton aliondoka mwaka 2017 akiacha nyuma hisa za mamia ya mamilioni ya dola ambazo muda wake haukuwa umefika. Mwaka 2018 alitoa dola milioni 50 kuanzisha wakfu wa Signal, programu ya ujumbe isiyo na matangazo. Koum naye alitangaza kuondoka mwaka huohuo.

TUJIFUNZE NINI?

Wengi hulinganisha ubia na kujifadhili kwa kuuliza pesa zitatoka wapi. Mimi naona swali la kwanza ni hili: je, kuna mlango ambao programu yako lazima ipite, na ufunguo uko kwa mtu mwingine?

M-Pesa ilihitaji kadi za simu, mawakala, benki na Benki Kuu isiyopinga. Hata Hughes angekuwa na mamilioni yake mwenyewe, asingeweza kununua hivyo vyote. WhatsApp ilihitaji intaneti tu. Haikuomba ruhusa kwa kampuni za simu, ingawa ilikuwa inazila mapato yao ya ujumbe mfupi.

Wanaprogramu wa Kenya wanaujua mlango huu vizuri. Kwa miaka mingi, aliyetaka programu yake ipokee malipo ya M-Pesa aliunganisha simu au modemu na tarakilishi, kisha akaandika programu ya kusoma ujumbe wa malipo mmoja mmoja. Safaricom ilifungua njia rasmi mwaka 2015, na Daraja ikafuata mwaka 2017. Wengi wa hao walikuwa wamejifadhili, hawadaiwi na yeyote. Hata hivyo biashara zao zilisimama kwenye uwanja wa mtu, na mwenye uwanja angeweza kubadilisha muundo wa ujumbe wakati wowote.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, chukua karatasi uandike haya:

1. Ni kitu gani ambacho pesa haiwezi kuninunulia? Kama kipo, utahitaji mbia. Kama hakipo, huenda unachokosa ni subira tu.

2. Kila mtumiaji mpya ananigharimu kiasi gani? Hesabu ujumbe wa kuthibitisha, seva na data. Akiba inatosha watumiaji wangapi?

3. Mbia anataka nini hasa? Faulu ilitaka mikopo ilipwe, Safaricom ilitaka wateja wasihame mtandao. Wote walikuwa waungwana, lakini safari zao hazikuwa moja.

4. Mimi ni mbia au nimekodiwa? Sagentia ililipwa ikaenda zake, na hilo si kosa. Kosa ni kujiona mbia wakati mkataba unasema fundi. Umiliki wa programu, jina na orodha ya wateja uandikwe na kutiwa sahihi kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa.

5. Nikichelewesha ubia kwa miezi 6, nitakuwa na nini cha kuonyesha? Kama jibu ni watumiaji halisi, hata 200, chelewesha.

Kwa maoni yangu, kijana mwenye programu isiyohitaji kibali cha mtu aanze kwa mfuko wake, hata pole pole. Anayegusa pesa za watu, bima au matibabu atafute mbia mapema, na aende na wakili.

Haya, hayo ndiyo niliyokuwa nayo leo. Mkataba wa ubia wenyewe, kifungu kwa kifungu, tutauangalia siku nyingine. Kazi njema.