Gustav Lantschner: Bingwa wa Theluji Aliyeshika Kamera

Katika historia ya sinema, wamo mafundi walioijia kazi hiyo kutoka uwanja wa michezo. Mmoja wao ni Gustav Lantschner, aliyezaliwa mwaka 1910 mjini Innsbruck, Austria. Mwaka 1930, huko St. Moritz, Uswisi, aliteremka mlima juu ya mbao za kutelezea kwa kasi iliyozidi kilometa 105 kwa saa. Mwaka 1932 akawa bingwa wa dunia wa mbio za kuteremka.

Siku zile Dakta Arnold Fanck wa Ujerumani alikuwa akitengeneza filamu za milimani. Kamera ilikuwa nzito, na asiyeijua theluji hakuweza kuwafuata watelezaji kwenye miteremko. Kwa hiyo wanamichezo wakaingizwa katika kazi hiyo, wengine mbele ya kamera, wengine nyuma yake. Lantschner alifanya yote mawili. Katika filamu ya mwaka 1931 aliigiza pamoja na Leni Riefenstahl, ambaye baadaye aliongoza filamu za kuutukuza utawala wa Hitler.

Februari 1936, katika Olimpiki ya Garmisch-Partenkirchen, Lantschner aliiwakilisha Ujerumani, akapata medali ya fedha. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa Riefenstahl katika Olimpiki ya Berlin. Filamu yao ilioneshwa mara ya kwanza tarehe 20 Aprili 1938, siku ya kuzaliwa kwa Hitler. Ufundi wake ulisifiwa sana. Lakini gharama zake zililipwa na serikali ya Wanazi, nayo ilijua inanunua nini.

Katika mashindano yaleyale ya Garmisch alikuwapo Birger Ruud wa Norwei, bingwa wa kuruka kwa mbao za theluji. Wanazi walipoitawala nchi yake, Ruud alikataa kushiriki mashindano waliyoyasimamia, na mwaka 1943 akafungwa katika kambi ya Grini. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 36, alirudi Olimpiki akapata medali ya fedha.

Lantschner alihamia Argentina baada ya vita, akafariki mwaka 2011 akiwa na miaka 100. Watu hawa wawili walilingana kwa ushujaa mlimani. Kilichowatenga ni jibu la kila mmoja alipotakiwa kuutumikia udhalimu kwa kipaji chake. Tunapowasifia wanafunzi wetu ustadi, yafaa tuwafundishe na swali hilo.